Kutu, Unga na Nyufa: Kutafuta Chanzo cha Madhara katika Mkusanyiko wa Nyembe za Kale

Mkusanyaji akifungua kabati na kukuta doa jekundu kwenye wembe ambao mwezi uliopita ulikuwa safi, jambo la kwanza linalomjia ni kuchukua msasa na kusugua. Ni vyema asubiri kwanza. Doa likisuguliwa kabla ya kuchunguzwa, ushahidi huondoka nalo, na baada ya wiki chache doa jingine huota palepale kwa kuwa kilicholeta la kwanza hakijaguswa. Mara nyingi wembe uliohifadhiwa huharibiwa na jirani yake: kibao cha mpini, kitambaa cha sanduku, mbao za kabati, sabuni iliyokauka tangu enzi za mwenye wembe wa kwanza, au chumvi ya kidole kilichoushika jana. Kwa sababu hiyo kila dalili iliyoelezwa hapa inaanza na swali la mahali: imekaa wapi, na inagusana na nini?

Vifaa vya uchunguzi si vingi. Kinahitajika kioo cha kukuzia, tochi yenye mwanga mweupe, sumaku ndogo, karatasi za kupimia tindikali, kipimaunyevu cha kuweka ndani ya kabati, na glavu za nitrili. Piga picha kila upande wa wembe kabla ya kuugusa kwa kitu chochote, kwa sababu picha hiyo ndiyo itakayokuonyesha baadaye kama doa limetulia au linaendelea kutambaa.

Kutu nyekundu kwenye bapa la wembe wa kukunja

Nyembe za kukunja za Sheffield (Uingereza), Solingen (Ujerumani) na Thiers (Ufaransa) zilitengenezwa kwa chuma chenye kaboni nyingi, na chuma hicho hushika kutu upesi kikipata unyevu. Hata hivyo kutu haitawanyiki ovyo. Kama imezunguka ribiti inayounganisha bapa na mpini na kushuka kidogo kwenye shingo, chanzo ni maji na sabuni vilivyobaki ndani ya kiungo ambacho hakikupata kukauka. Kama ni vidoa vilivyojikusanya kwa umbo la ncha ya kidole, chanzo ni jasho. Kama imekaa upande mmoja tu, ule uliolalia chini, lichunguze sanduku: mahameli na ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia dhidi ya chuma muda mrefu baada ya chumba kukauka. Sanduku lililokuja na wembe ni sehemu ya historia yake na linastahili kuonyeshwa, lakini wembe wenyewe ulale kando yake, si ndani yake.

Ipo namna ya nne, nayo ndiyo inayostahili hofu kubwa zaidi. Kutu imefunika ile sehemu tu ya bapa inayoingia kati ya vibao vya mpini wembe unapofungwa, wakati mgongo na mkia vinavyobaki nje ni safi, na wembe jirani kabatini nao umeanza kupata madoa. Hapo chanzo karibu kila mara ni seluloidi.

Seluloidi ilienea baada ya John Wesley Hyatt kuifanya bidhaa ya biashara nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1870. Ni nitrati ya selulosi iliyolainishwa kwa kafuri, na watengenezaji wa nyembe waliipenda kwa sababu iliweza kuiga pembe za ndovu, gamba la ng'amba na pembe ya ng'ombe kwa gharama ndogo. Kadiri miaka inavyopita, kafuri huvukiza na nitrati huanza kuvunjika, ikitoa gesi za oksidi za nitrojeni. Gesi hizo zikikutana na unyevu wa hewa hugeuka tindikali ya nitriki. Tindikali hiyo hula chuma, kisha hurudi kuiharakisha seluloidi yenyewe kuvunjika, hivyo uharibifu ukishaanza huongeza kasi yake wenyewe. Kuufungia wembe wa namna hii ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa, kwa nia njema ya kuukinga na vumbi, ni kuufungia pamoja na sumu yake.

Dalili za mapema zinaonekana kwa anayezitafuta: nyufa nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kibao, hasa karibu na ribiti, rangi iliyogeuka ya njano au kahawia kwa mabaka, matone ya unyevu wenye kunata, harufu kali ya kuchoma puani mahali pa ile harufu tamu ya kafuri. Kipande cha karatasi ya kupimia tindikali kilicholoweshwa kidogo na kuwekwa karibu na kibao, bila kukigusa, kitabadilika rangi kama mvuke wa tindikali upo. Vibao vinavyopitisha mwanga, kama vile vya kuiga gamba la ng'amba, huathirika mapema kuliko vile vyeupe vya kuiga pembe za ndovu, kwa kuwa rangi nyeupe mara nyingi ilipatikana kwa oksidi ya zinki, ambayo hupoza tindikali kwa kiasi. Usijaribu kuitambua seluloidi kwa sindano ya moto, ijapokuwa njia hiyo hutajwa mara nyingi. Seluloidi huwaka kwa kasi ya kutisha. Sugua kibao kwa kidole gumba hadi kipate joto, kisha nusa, hiyo yatosha.

Seluloidi iliyoanza kuoza haina dawa. Kinachowezekana ni kuitenga. Uondoe wembe huo leo hii kwenye kabati la pamoja, uuweke mahali penye baridi, giza na hewa inayopita, mbali na metali nyingine na mbali na moto. Kama bapa ni adimu, fundi anaweza kuondoa ribiti na kulitenganisha na vibao, na mimi naona hilo ni jambo la busara hata kama wembe unapoteza ukamilifu wake, kwa kuwa uchaguzi uliopo ni kati ya wembe uliotenganishwa na wembe ulioliwa. Vibao vipigwe picha na kupimwa, kisha vihifadhiwe peke yake. Nyembe za seluloidi ambayo bado ni nzima zinaweza kuonyeshwa, mradi kabati liwe na matundu ya hewa na karatasi ya kupimia tindikali ibadilishwe mara kwa mara.

Kutu ya kuondoa na rangi ya kuacha

Chanzo kikishaondolewa, ndipo lije swali la kusafisha. Kutu nyekundu au ya machungwa, yenye unga unaobaki kwenye kitambaa cheupe, ingali hai na inapaswa kuondolewa. Rangi ya kijivu au nyeusi iliyoshikamana na chuma, isiyotoka kwa kitambaa, ni tabaka tulivu linalokinga chuma kilicho chini yake; iache. Wembe wa miaka 150 unaong'aa kama kioo umepoteza chuma, na mara nyingi umepoteza chapa ya mtengenezaji pia.

Anza na mafuta mepesi ya madini na kitambaa cha pamba. Yasipotosha, tumia sufi ya chuma iliyo laini kabisa, ile ya alama 0000, pamoja na mafuta hayo, ukisugua kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali bila kuyavuka. Siki na tindikali nyingine huondoa kutu kweli, lakini huondoa na rangi tulivu, na hazichagui. Madoa meusi ya shimo, yaliyozama ndani ya chuma, hayatatoka kwa njia yoyote isiyopunguza bapa. Hayo ni makovu, na kovu lililokauka halina madhara.

Chunguza kwanza kama bapa lina michoro iliyotiwa dhahabu. Dhahabu hiyo ni utando mwembamba mno, na kwa nyembe nyingi ndiyo inayobeba jina la mfano au taswira iliyoupa wembe thamani yake. Hupotea kwa kusuguliwa kidogo tu na dawa ya kung'arishia metali. Hapo pakae bila kuguswa, hata kama kutu ndogo imebaki pembeni yake.

Baada ya kusafisha, futa mafuta yote na upake nta ya mikrokristalini, ya aina inayotumika makumbusho, kwa safu nyembamba. Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo, kwa kuwa hukauka na kuwa gundi ya njano inayokusanya vumbi na unyevu.

Bapa haliingii katikati ya mpini

Wembe unafungwa lakini makali yanagusa kibao kimoja. Fungua na ufunge polepole ukiangalia kutoka juu. Kama bapa linayumba kwenye ribiti, kosa liko kwenye kiungo kilicholegea, na fundi anaweza kukikaza kwa kugonga ribiti kidogo sana akitumia nyundo ndogo, huku upande wa chini umeegemezwa kwenye chuma. Kama kiungo kimekaza, angalia vibao: pembe na mbao hupinda hewa inapokauka upande mmoja kuliko mwingine, jambo linalotokea wembe unapokaa karibu na taa yenye joto au dirisha lenye jua. Kurudisha unyevu polepole, kwa wiki kadhaa, mara nyingine hupunguza mpindo. Kulazimisha kwa mkono huvunja.

Sababu ya tatu imejificha mwishoni mwa mpini, kwenye kabari inayotenganisha vibao viwili. Katika baadhi ya nyembe za zamani za Sheffield kabari hiyo ni ya madini ya risasi. Ukiona unga mweupe ukitoka kwenye ungio hilo na vibao vimeanza kufunuka, risasi inaliwa na mvuke wa tindikali ya asetiki, na chanzo chake cha kawaida ni kabati la mwaloni au la mbao za kubandikwa kwa gundi. Unga huo una sumu. Usiupulize wala kuufuta ukiwa mkavu; uondoe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ukiwa umevaa glavu, kisha badilisha kabati. Kusafisha bila kuhamisha ni kazi bure.

Vibao vyenye matundu, unga au rangi iliyogeuka

Pembe ya ng'ombe, kama sufu na nywele, ni keratini, na wapo nondo na mabuu ya mende wadogo wanaoila. Mifereji yenye kingo zisizo sawa na unga laini chini ya wembe ni kazi yao. Ufunge wembe kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka kwenye jokofu la kugandisha kwa wiki mbili, kisha uuache ufike joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, ili maji yasijikusanye juu ya chuma. Kagua pia felti na mazulia yaliyo karibu, maana huko ndiko wanakozaliana.

Ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, hubadilika kutoka nyeusi hadi kahawia ya kijani ukikaa kwenye mwanga, na hutoa salfa inayotia weusi fedha iliyo karibu. Pembe za ndovu hugeuka njano gizani na kurudia weupe kidogo mwangani, na mistari yao ya kupishana kwenye mkato ndiyo inayozitofautisha na mfupa, ambao una vidoti na vistari vyeusi vya mishipa. Vibao vya pembe za ndovu na vya gamba la ng'amba visisafirishwe kuvuka mpaka kabla ya kuulizia sheria: ndovu wa Afrika aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na ng'amba naye yumo humo, kwa hiyo umri wa wembe pekee haumtoshi mwenye nao kama kibali.

Mashine za kunyolea: kijani, kukwama na kupasuka

King C. Gillette, mvumbuzi wa mashine ya kunyolea yenye wembe mwembamba wa kubadilishwa, alipata hataza yake ya Marekani tarehe 15 Novemba 1904, baada ya mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, ambapo ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu. Mashine nyingi zilizofuata ni za shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, iliyofunikwa kwa nikeli, fedha au dhahabu, na magonjwa yake hayafanani na ya wembe wa kukunja.

Nta ya kijani kwenye meno ya kinga, yaani bamba lililo chini ya wembe, au ndani ya kichwa inatokana na mafuta ya sabuni yaliyoungana na shaba mahali ambapo mipako imeisha. Loweka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, usugue kwa mswaki laini na kijiti cha mbao, kisha ukaushe kabisa. Ukoko mweupe mgumu ni chokaa ya maji iliyoshikana na sabuni. Unahitaji kulowekwa zaidi ya mara moja, na subira hapa ni bora kuliko siki, ambayo hupenya kwenye kingo za nikeli iliyochoka na kuinyanyua. Kama nta ya kijani inarudi ingawa mashine haitumiki, angalia ngozi ya sanduku, kwani mafuta ya ngozi hufanya kazi ileile.

Kitasa kinachofungua milango ya juu kikikwama, au pete ya namba kwenye mashine ya kurekebishika ikigoma, sababu ya kawaida ni sabuni iliyokauka ndani. Maji ya moto kiasi, si ya kuchemka, kwa saa kadhaa, kisha mafuta mepesi kwenye kiungo, kisha jaribio la mkono. Koleo lisikaribie. Alama za meno ya koleo kwenye mpini ni dalili ya kwanza ninayoitafuta ninaponunua, na karibu kila mara hufuatana na sehemu za ndani zilizopinda.

Ufa mrefu unaofuata urefu wa mpini, hasa katika mashine za mapema zenye mpini wa bomba jembamba, huwashangaza wengi kwa sababu mashine haikuanguka. Shaba ya njano iliyovutwa kuwa bomba hubaki na mkazo ndani yake, na mvuke wa amonia huufanya mkazo huo ufungue ufa. Tatizo hilohilo lilionekana zamani kwenye maganda ya risasi ya jeshi la Uingereza huko India, yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa masika, ambapo mkojo ulitoa amonia. Kwa mkusanyaji funzo ni la moja kwa moja: sabuni ya vioo yenye amonia isitumike kwenye mashine, wala kwenye kioo cha kabati wakati mashine zimo ndani. Mpini uliopasuka usikazwe. Uonyeshwe ukiwa umefungwa kwa kulegea.

Vivimbe vidogo chini ya kromu vinavyopasuka na kuacha shimo la kijivu humaanisha kwamba kiini ni aloi ya zinki. Haivutwi na sumaku na haina rangi ya njano mahali palipokwaruzwa. Nyufa zinazotawanyika kutoka ndani na umbo linalovimba hutokana na risasi au bati iliyochanganyika katika zinki wakati wa kuyeyushwa kiwandani, na hakuna kinachozuia isipokuwa kupunguza unyevu. Mashine za alumini, kwa upande wao, zisitiwe kwenye maji ya magadi wala sabuni kali ya alkali, ambayo hugeuza uso wake kuwa wa kijivu chafu kwa dakika chache.

Kuhusu dhahabu na fedha ni neno fupi: maji, sabuni laini, kitambaa laini. Kila upakaji wa dawa ya kung'arishia huondoa sehemu ya mpako usioweza kurudi.

Kabati lenyewe linapokuwa chanzo

Fedha ikigeuka nyeusi ndani ya kabati lililofungwa vizuri, salfa imo ndani: felti ya sufu, mpira wa kuzibia milango, au ile ebonaiti iliyotajwa. Kutu ikitokea kwenye nyembe zote kwa pamoja, tena bila seluloidi, soma kipimaunyevu asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Taa iliyo ndani ya kabati hupasha hewa mchana, na inapozimwa kioo hupoa na chuma nacho, kisha unyevu hutua. Hamishia taa nje, tena iwe ya LED. Asilimia 40 hadi 50 za unyevu ni maafikiano ninayoyapendelea panapokuwa na chuma pamoja na pembe au mbao. Chuma peke yake kingependa pungufu, lakini pembe ingepasuka. Jeli ya silika husaidia kama inakaushwa upya inapochoka, jambo ambalo husahauliwa kuliko yote.

Kitambaa cha kuegemeshea kiwe pamba isiyotiwa rangi au karatasi isiyo na tindikali. Vishikio vya akriliki vinafaa. Plastiki ya PVC haifai, kwa kuwa hutoa tindikali ya hidrokloriki inapozeeka. Karatasi za kufungia nyembe na visanduku vya kadibodi hufifia kwa mwanga, na makumbusho huviwekea kiwango cha laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Wembe ulio wazi usizibwe makali kwa utepe wa gundi, unaoshika unyevu palepale ambapo chuma ni chembamba zaidi. Afadhali kabati lenye kufuli. Nyembe zilizonunuliwa hivi karibuni zichukuliwe kuwa na damu ya mtu hadi zisafishwe, maana virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi. Alkoholi ya asilimia 70 inafaa kwa bapa, lakini isifike kwenye seluloidi, kwa kuwa huilainisha.

Sehemu zisizoafikiana

Dalili ya mwisho haihusu kutu. Wembe una vibao vipya kuliko bapa, au mashine ina kichwa cha mwaka mmoja na kinga ya mwaka mwingine. Ribiti zenye vichwa visivyofanana pande mbili na mikwaruzo kuzunguka tundu huonyesha kwamba mpini umebadilishwa. Neno la nchi ya asili, kama vile «Germany» au «England», lililogongwa kwenye shingo kwa kawaida humaanisha wembe wa baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyolazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka. Herufi W.R. na taji kwenye wembe wa Sheffield zinaelekeza enzi ya Mfalme William wa Nne, 1830 hadi 1837. Kwenye mashine za Gillette za miaka ya 1950 na baadaye, herufi moja chini ya kichwa hutaja mwaka na namba hutaja robo yake, ambapo A ni 1955; hivyo E2 ni kati ya Aprili na Juni 1959. Kichwa chenye vijiti viwili vya mviringo ni cha muundo wa kabla ya 1930, na kikikutwa juu ya kinga yenye mwanya mrefu basi seti hiyo imeunganishwa baadaye.

Kifaa cha namna hiyo hakistahili kufichwa wala kutengenezwa kwa haraka. Andika kwenye kadi yake kila sehemu ni ya wakati gani na umejuaje, uiweke kadi hiyo pamoja na picha ulizopiga kabla ya kusafisha, na sehemu sahihi ikipatikana siku moja, ile iliyoondolewa ihifadhiwe kwenye bahasha yenye namba ileile ya kadi.